Asiye na Mtu

Nyumba ya Bi Vungi iliondoka mchana kweupe, mwenyewe akiwa kanisani kwenye maombi ya akina mama. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo mpaka kilima kikalegea. Akina mama walipokuwa wanamalizia ubeti wa mwisho, mteremko wa upande wa mashariki uliachia, ukashuka na nyumba, kuni, kuku wawili na mlimau, ukavipeleka vyote bondeni. Walitoka mbio na vitabu vya nyimbo mikononi. Bi Vungi akatazama pale palipokuwa kwake, kisha akapapasa kifuani kuhakikisha kwamba chupa yake ndogo ya maji ya tumbaku ipo.

"Mlimau ule haukuwahi kuzaa," alisema. "Angalau leo umesafiri."

Wenzake wakaangua kilio. Ikabidi yeye ndiye aanze kuwabembeleza.

Kabla ya jioni alikuwa ameshaketi jikoni kwa Zuali, mtoto wa kaka yake, kando ya moto, pale pale ambapo Zuali mwenyewe hupenda kukaa. Nyumba ya Zuali ilikuwa ya mbao na mabati, imesimama juu ya nguzo kama zilivyo nyumba nyingi za Mizoram, milimani India, jiko na chumba kimoja tu. Humo walilala Zuali, mumewe Thansanga, na binti yao Siami. Thansanga alikuwa mkulima wa tangawizi siku sita, na Jumapili ndiye mpiga ngoma wa kanisa. Tangu siku ile alihamia jikoni, akawa analala ubavuni mwa kuni bila kulalamika, kwa sababu alikuwa mtu wa kulala popote.

Zuali hakuwa mtu wa kulala popote. Shangazi alikuwa akikoroma mpaka mabati yanaitikia. Mchana alionja kila kilichopikwa.

"Zuali, huu mchele ulikukosea nini?"

"Umeiva, shangazi."

"Umeiva? Huu umeteswa."

Kisha anafungua chupa yake, anapiga funda moja la maji hayo yaliyopitishiwa moshi wa tumbaku, halimezi, analishikilia mdomoni akiwa amefumba macho, na kwa muda huo nyumba nzima inapata amani. Hapo Zuali alikuwa akimpenda sana. Lakini funda halikuweza kukaa mdomoni siku nzima.

Ukutani, juu ya pipa la mchele, lilining'inia kopo lenye msalaba uliochorwa kwa rangi nyeupe. Kila nyumba pale kilimani ina kopo kama hilo. Mwanamke akitaka kupika huchota mchele wa mlo wake, halafu hutoa konzi moja akalitia kwenye kopo la kanisa, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Jumamosi akina mama wawili hupita na gunia, wakamimina. Mchele huo huuzwa, ukalipa wahubiri, ukasaidia wenye shida. Zuali hakuwahi kuruka hata mlo mmoja tangu aolewe, na tuseme ukweli, jambo hilo alilijua sana na alipenda lijulikane.

"Baba Siami," alisema jioni moja akitia konzi lake, "mchele wangu umelisha wahubiri mpaka nchi za watu. Hautaweza kumlisha shangazi?"

"Ukishaingia kopo si wako. Ni wa kanisa."

"Basi na shangazi aingie kopo."

Thansanga alicheka mpaka akashika mbavu. Alipofuta macho akaona mkewe hacheki.

*

Mzee Rokima alikuwa seremala, na ndiye mzee wa kanisa mwenye dhamana ya wajane. Zuali alimkuta karakanani akipiga randa mlango, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Alikaa kwenye kigogo cha wageni, akaeleza habari ya nyumba kuporomoka, ambayo mzee aliijua, na habari ya kukoroma, ambayo aliisikia kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo unataka kanisa limchukue."

"Kanisa ni mama wa wote, mzee."

"Ni kweli." Aliipuliza randa. "Ana mtu?"

Zuali alitazama maganda ya mbao miguuni pake. "Nyumba yetu ni ndogo, mzee."

"Nimekuuliza kama ana mtu."

"Ni ndogo mno. Baba Siami analala na kuni."

Mzee Rokima alimtazama kwa kitambo, akangoja. Zuali aliokota ganda moja la mbao, akaliviringisha kidoleni. Basi mzee akachomoa penseli, akaandika kitu kwenye kipande cha ubao.

"Nitalipeleka kikaoni," alisema.

Kanisa la huku likishaamua kumpenda mtu halina breki. Kabla hata wiki haijaisha vijana walikuwa wamekitoa nje kila kitu kilichokuwa kwenye stoo nyuma ya ukumbi, masufuria ya karamu na viti vibovu, wakapaka kuta rangi ya buluu. Akina mama wakashona pazia lenye maua. Zuali alipanga kumwambia shangazi Ijumaa. Ijumaa mvua ilikuwa kubwa. Akapanga Jumamosi, na Jumamosi akakuta shangazi anamfundisha Siami kusuka nywele huku wakiimba, akaona si wakati mzuri. Ndivyo Jumapili ilivyomkuta na siri yake mdomoni.

Wanawake walikaa upande wao na wanaume upande wao. Thansanga alikuwa mbele na ngoma. Baada ya wimbo wa kwanza Katibu Biaka alisimama na matangazo yake. Biaka alikuwa mwembamba mwenye sauti nene, na kila tangazo kwake lilikuwa unabii.

"Tangazo la tatu! Kamati imeridhia kumpokea Bi Thangvungi, Bi Vungi wetu, mjane, asiye na mtu wa kumtunza. Atapewa chumba nyuma ya ukumbi, na mchele kila wiki kutoka katika makopo yenu. Tunamshukuru Mungu!"

"Amina!" waliitikia watu kwa furaha ya kweli. Kisha, mmoja baada ya mwingine, vichwa vya upande wa wanawake vikaanza kumgeukia Zuali.

"Zuali," alisema Bi Vungi. Hakuwa na kawaida ya kunong'ona.

"Shangazi, ngoja tutoke."

"Umekufa lini?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nauliza tu. Umekufa lini, mwanangu, mbona sikuitwa nije nilie?"

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Kikohozi kikaambukiza benchi zima. Upande wa wanaume Thansanga aliangusha kigongo cha ngoma, kikabingirika mpaka miguuni mwa mchungaji, na wimbo wa pili ukachelewa kuanza. Bi Vungi aliuimba wote kwa sauti kubwa, hakuruka ubeti. Zuali alifungua kinywa kama wenzake lakini hakikutoka kitu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na aliijua aibu hiyo kuwa ni haki yake.

*

Bi Vungi hakuwa na cha kufungasha isipokuwa blanketi la msaada, sufuria moja na chupa yake.

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Marehemu wetu tunamsema vizuri tu."

"Nilitaka kukwambia."

"Alikuwa mtoto mzuri," Bi Vungi alimwambia Siami, akikunja blanketi. "Mama yake alipofariki alikuwa hajaota meno. Nikawa nambeba mgongoni kwenda naye shambani, ananikojolea mpaka tunarudi. Sikuwahi kulipeleka kikaoni."

Siami alicheka. Zuali alitoka nje akaenda kumlisha nguruwe, ambaye alikuwa ameshalishwa.

Chumba cha buluu kilikuwa kizuri, lazima isemwe. Hakikuvuja, pazia lilipendeza, na wajumbe wawili walileta mchele kila Jumamosi pamoja na sala, ingawa sala zilikuwa ndefu na mchele haukuwa mwingi. Shida ilikuwa kwaya. Ilifanya mazoezi ukumbini, ukuta wa pili, na Bi Vungi hakuweza kuvumilia mpigo uliopinda. Alikuwa akigonga ukuta kwa sufuria kuwasahihisha. Vijana walianza kumwogopa kuliko mwalimu wao.

Shida ya pili ilikuwa chupa. Iliisha. Bi Vungi akamwambia Katibu Biaka, kama mtu anavyoomba chumvi, kwamba safari ijayo alete na maji ya tumbaku.

"Bi Vungi!" Biaka alishika kifua. "Mchele wa Bwana tuugeuze tumbaku?"

"Si wote. Konzi moja tu."

"Kuna mama kule bondeni alijinyima konzi hilo. Nitamtazama vipi machoni?"

"Mtazame kando."

Biaka alisikitika kweli, na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekabidhiwa mali ya watu, na mali ya watu ina masharti. Lakini Bi Vungi, aliyekuwa akitumia maji yake tangu enzi za ujana, alinuna, akaacha kugonga ukuta, akaacha hata kuimba. Habari hiyo ndiyo iliyomfikia Zuali kisimani: shangazi yako haimbi.

Alikwenda mchana ule ule. Juu ya kikapu aliweka majani ya haradali, na chini ya majani aliweka chupa. Bi Vungi alikuwa amekaa kitandani akitazama ukuta wa buluu. Alifukua kikapu kama kuku, akaipata chupa, akapiga funda, akafumba macho. Zuali akasubiri. Alikuwa hajui kwamba anaweza kukikumbuka kimya hicho kiasi kile.

"Nani kaleta?" aliuliza Bi Vungi baada ya kutema dirishani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Zuali, shangazi."

"Zuali yupi? Yule wa kaka yangu alitangazwa Jumapili kanisani, hayupo."

Zuali alianza kucheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, makamasi na machozi, kama mtoto. Bi Vungi alimpa ncha ya pazia jipya ajifute.

"Futa vizuri," alisema. "Pazia ni la kanisa, litavumilia."

*

"Nataka jina litoke," Zuali alimwambia Mzee Rokima.

Randa ilisimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ana mtu."

"Nani?"

"Mimi."

"Nilikuuliza hilo hilo, umekaa hapo hapo."

"Nikakwambia nyumba ni ndogo."

"Ukubwa wa nyumba mimi sikuuuliza, Mama Siami." Mzee aliketi juu ya mlango aliokuwa akiutengeneza. Hakuwa amekasirika, ila hakutabasamu. "Haya. Jina litatoka. Nitaongea na wenzangu, Biaka atatangaza."

Zuali alishusha pumzi. Kisha akasogea mbele, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo dogo tu. "Sasa, mzee, kwa kuwa kanisa lilikuwa tayari kumtunza, hamuwezi kutusaidia mbao tuongeze chumba? Vijana si wapo?"

"Hapana."

"Hata mbao chache?"

"Hata msumari. Mchele wa kopo ni wa yule ambaye kweli hana. Kuna Mzee Hnuna kule chini, haoni, na watoto wake wote amewazika. Nikijenga kwako kwa konzi la watu, huyo nitamwambia nini?"

"Kwa hiyo miaka yote hii natoa..."

"Ulitoa. Hukuweka akiba."

Neno hilo lilimchoma Zuali kwa sababu lilipiga penyewe. Akawa anakunja na kukunjua upindo wa nguo yake.

"Nina nguruwe," alisema mwisho. "Lakini nilimwahidi kwa karamu ya Krismasi. Mbele ya akina mama wote, mzee. Mwaka jana nilileta kuku mmoja, mwembamba, wakauliza kama alikuwa anaumwa. Mwaka huu walinipigia makofi."

"Nguruwe yuko wapi sasa hivi?"

"Bandani."

"Basi bado ni wako. Na shangazi ni wako. Usimnyime wako ukalisha watu, halafu ukaenda kumwambia Mungu umempa yeye."

"Watanicheka."

"Watakucheka," alikubali Mzee Rokima, akashika tena randa. "Na mke wangu atakuwa wa kwanza, maana anachekacheka ovyo."

Zuali alirudi nyumbani amefura. Alimwambia mumewe kwamba mzee yule roho yake ni kavu kuliko mbao zake, kwamba kanisa lina mkono mrefu wa kupokea na mfupi wa kutoa, na maneno mengine ambayo kesho yake aliyatubu. Thansanga alimwacha amalize.

"Nguruwe anauzwa lini?" aliuliza.

"Kesho," alisema Zuali.

Mchinjaji alikuja asubuhi, akamshika nguruwe mbavu na kutaja bei, Zuali akataja yake, wakakutana karibu zaidi na ya mchinjaji. Nguruwe aliondoka akipiga kelele mpaka kilima kizima kikajua. Barabarani Zuali alikutana na mwenyekiti wa mapishi ya karamu, mama mnene mwenye kumbukumbu nzuri.

"Mama Siami! Nimesikia. Kwa hiyo mwaka huu tena ni kuku?"

"Mwaka huu hata kuku sina hakika."

"Ee! Na yale makofi yetu?"

"Nitawarudishia," alisema Zuali, akapiga makofi matatu pale pale barabarani. Mwenyekiti alibaki kinywa wazi, halafu kicheko kikamtoka, na Zuali naye akacheka. Akashangaa kuona kuwa aibu aliyoiogopa tangu jana imeishia hapo.

*

Ardhi tambarare pale nyumbani ilikuwa moja tu, ya banda la nguruwe. Thansanga alilibomoa, akakwangua, akamwaga majivu, akatandika mawe. Fedha za nguruwe zilitosha mabati, nguzo, na mbao za kuta mbili. Chumba cha kuta mbili si chumba. Jumatatu asubuhi mume na mke walisimama wakikitazama kile walichokuwa nacho, wakawa wanabishana kwa upole ni upande gani upepo huvuma kidogo.

Hapo ndipo walipomwona Mzee Rokima anapanda njia, begani mbao zimefungwa kamba, mkononi sanduku la vifaa. Alizitua, akahema, akafuta jasho.

"Mzee," alisema Zuali, "si ulisema hata msumari?"

"Nani alisema?"

"Wewe. Karakanani. Mbele yangu."

"Siku ile uliongea na mzee wa kanisa. Yule hana hata ubao mmoja, vyote alivyonavyo ni vya watu." Alifungua sanduku, akachagua nyundo. "Leo aliyekuja ni Rokima, jirani yenu. Huyu ana mbao zake mwenyewe, na asubuhi hii hana kazi. Baba Siami, shika ile ncha."

Zuali aliokota vijiti viwili vya kuni. Akaingia jikoni kuchemsha chai, akachemsha sufuria kubwa kuliko watu waliokuwepo, akasema moyoni kwamba labda mzee atakunywa vikombe vingi.

Hakuna aliyetangaza. Kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kimya, kengele ya kanisa kimya. Lakini nyundo ikigonga kilimani husikika nyumba zote, na kila mtu anajua nyundo ya Rokima. Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa kwaya na msumeno wa baba yake. Wakafuata wengine wawili. Akaja Katibu Biaka na misumari imejaa mifuko ya koti la mvua, kila hatua inalia kama kengele za ng'ombe.

"Mheshimiwa katibu!" Thansanga alimwita. "Unatuandika?"

"Katibu amebaki nyumbani," alisema Biaka kwa sauti yake ya unabii. "Nyundo iko wapi?"

Mwenyekiti wa mapishi alikuja na mchele, mwenzake na kipande cha nyama, wakaweka sufuria juu ya mafiga nje wakapika uji mzito wa mchele na nyama kama ule wa karamu. Nyama ile, ilikuja kujulikana baadaye, ilinunuliwa kwa yule yule mchinjaji. "Tumekula Krismasi mapema," alisema mwenyekiti akikoroga. Akaja pia Bi Dari, mke wa Mzee Rokima, anacheka hata kabla hajafika, amekumbatia kitu ndani ya shuka.

"Hii imetoka jikoni kwangu," alisema, akamwonyesha Zuali shingo ya chupa ya maji ya tumbaku. "Nimeinunua kwa mchele wangu ambao haujaingia kopo. Kamati isiulize."

Biaka alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aligeuka akatazama milima.

Mchana Siami alimleta Bi Vungi kwa kumshika mkono. Bi kizee alisimama juu ya mawe mapya, akanusa kushoto, akanusa kulia.

"Si hapa palikuwa banda la nguruwe?"

Nyundo zote zikanyamaza.

"Tumepasafisha sana, shangazi," alisema Zuali. "Tumemwaga majivu mara mbili."

"Nguruwe alikuwa na dirisha?"

"Hapana, shangazi."

"Basi mimi nataka dirisha. Watu waone tofauti."

Rokima alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, pengine tangu mwaka jana, akaukata ukuta wa tatu ambao alikuwa amemaliza kuugonga muda huo huo. Bi Vungi akapewa kigoda, akaketi mbele ya kazi kama msimamizi aliyeajiriwa, akawa anawaimbia wajenzi. Nyundo zikafuata mpigo wake. Kijana wa kwaya akachelewesha, akatupiwa jani la haradali.

Paa lilipanda kabla mvua ya jioni haijashuka, na wote wakajibana ndani ya chumba kipya kukijaribu, wamelowa nusu, bakuli za uji mikononi. Hakikuvuja popote isipokuwa juu ya kichwa cha Biaka, na kila mtu alisema hilo lilikuwa jambo la haki.

Usingizi ulipomkaribia Bi Vungi siku ile, Zuali alikuwa upande wa pili wa ukuta. Kukoroma kukaanza, mabati mapya yakaitikia kwa nguvu zaidi kuliko ya zamani.

"Bado tunamsikia," alinong'ona Thansanga, aliyekuwa amerudi kwenye kitanda chake.

"Eh," alisema Zuali. "Afadhali."

*

Jumamosi akina mama wawili walipita na gunia. Zuali alishusha kopo lake akamimina. Wakati wanafunga gunia Bi Vungi aliwaita dirishani kwake, pale alipozoea sasa kuwaita wapita njia, akatoa mkono uliofumbata konzi la mchele.

"Bi Vungi," alisema mmoja wao, "si wewe juzi tulikuwa tunakuletea?"

"Juzi nilikuwa sina mtu. Pokea."

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye pipa la mwanangu. Ana mchele mzuri, tatizo lake ni kuupika."

Zuali alisikia. Siku hiyo hiyo alitafuta kopo la pili, Siami akalichora msalaba mweupe uliopinda, wakalitundika kwenye msumari wa Biaka, ndani ya chumba cha shangazi.

Jumapili mvua ilipungua kidogo. Kanisa lilijaa. Upande wa wanawake Zuali na shangazi yake walikaa benchi lile lile la siku ile, na watu walikuwa wamelitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Katibu Biaka alisimama na karatasi yake. Alisoma habari ya mkutano wa vijana, akasoma habari ya mchango wa taa. Kisha akakohoa.

"Tangazo la tatu! Chumba nyuma ya ukumbi atapewa Mzee Hnuna, ambaye kanisa limempokea kuanzia leo. Pazia libaki, ila lifuliwe." Alinyanyua macho. "Na jina la Bi Thangvungi limeondolewa. Mzee Rokima amenithibitishia, nami nimeona kwa macho yangu. Bi Thangvungi ana mtu."

Kanisa likanyamaza, kama nyumba inavyonyamaza chungu kikikaribia kuchemka. Watu wote walijua kwamba halijaisha.

"Amefufuka!" alisema Bi Vungi.

Huko nyuma, upande wa wanaume, kulikuwa na wazee kadhaa ambao huutumia muda wa matangazo kupumzisha macho. Walisikia neno hilo usingizini, na midomo yao iliyozoea ikajibu yenyewe, kwa pamoja na kwa nguvu zote:

"Amefufuka kweli kweli!"

Kicheko kilichofuata kiliinua kanisa zima. Mchungaji aliinamisha uso nyuma ya mimbari, mabega yakimtikisika. Mzee Rokima alitoa leso. Thansanga hakujua la kufanya, basi akafanya anachokijua: akapiga ngoma, mpigo wa Pasaka, na watu wakasimama wakaimba wimbo wa Pasaka katikati ya msimu wa mvua, wanawake wakiyumba huku na wanaume kule, mpaka vioo vikatetemeka.

Zuali aliimba safari hii, na sauti ilimtoka yote. Pembeni yake Bi Vungi, bila kukosa ubeti, alinyoosha mkono akamfinya paja kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfinya utotoni alipoanza kusinzia kanisani.